Chumvi, jembe na baruti: kemia ya njia ya Tabora

Najua kimya kimekuwa kirefu. Test zimeandamana, boom limechelewa, lakini tupo na tunasonga. Leo naweka pembeni habari za mabweni niwape kitu kilichonikaa kichwani tangu semista ianze: historia ya kemia. Watu wa arts msikimbie, hakuna ikwesheni ya kubalansi humu. Ni habari ya Tabora na ile njia ya zamani ya misafara, na kwa kuwa mimi ni mtu wa huko mtanivumilia nikikusifia kwetu kidogo.

Ukishika desa lolote la mwaka wa kwanza, historia ya kemia inaisha ndani ya kurasa mbili. Wanaanza Wagiriki, wanafuata Waarabu waliotafuta dhahabu, halafu Mfaransa Antoine Lavoisier, halafu jedwali la Mendeleev la 1869, basi. Ukifunga desa unabaki na picha kwamba kemia ilizaliwa kwenye chumba chenye chupa za kioo huko Ulaya, ikaletwa kwetu kwa meli ikiwa imeshaiva. Sisi kazi yetu ni kula msuli na kuikariri.

Hebu tumwangalie huyo Lavoisier kwanza, maana ndiye anaitwa baba wa kemia ya kisasa. Ni kweli, kitabu chake cha 1789 kilipanga elementi upya, na yeye ndiye aliyeeleza vizuri kwamba kitu kikiungua kinaungana na oksijeni. Lakini alikuwa anakula wapi? Mwaka 1768 aliingia kwenye kampuni ya matajiri waliokusanya kodi kwa niaba ya mfalme wa Ufaransa, na kodi mojawapo iliyochukiwa kuliko zote ilikuwa kodi ya chumvi. Mwaka 1775 akawekwa kwenye usimamizi wa baruti wa serikali, na maabara yake maarufu ilikuwa palepale kwenye ghala la silaha la Paris. Mapinduzi yalipokuja hawakumkamata kwa sababu ya oksijeni. Walimkamata kwa sababu ya kodi, na tarehe 8 Mei 1794 wakamkata kichwa pamoja na wenzake wa ile kampuni.

Kwa hiyo baba wa kemia alikuwa mtu wa chumvi na baruti. Nilipolisoma hilo nikasema, ngoja kwanza, chumvi na baruti mbona nazijua? Hizo ni habari za kwetu kabisa.

Tuje sasa njiani. Kutoka Bagamoyo unapanda Ugogo, unaingia Unyanyembe, unafika Tabora ambayo wageni wa zamani waliiita Kazeh. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857 wakakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wameshajenga tembe zao. Kutoka hapo njia moja inashuka magharibi hadi Ujiji, nyingine inapanda kaskazini Karagwe na Buganda, nyingine inaelekea kusini-magharibi hadi Katanga. Mizigo mikubwa ilikuwa pembe za ndovu na, tusifiche, binadamu. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi. Ila vitabu vikishataja pembe na watumwa vinanyamaza, wakati njiani kulikuwa na mizigo mingine midogo midogo iliyolisha watu wa kawaida, na hiyo ndiyo yenye kemia.

Wa kwanza ni chumvi ya Uvinza. Uvinza ipo magharibi ya Tabora, pale mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Ardhini kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia walichimba pale miaka ya 1960 wakakuta kazi ya kuchemsha chumvi ilianza kama miaka 1,500 iliyopita. Hesabuni wenyewe: hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja kabla Lavoisier hajazaliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya msimu. Wakati wa kiangazi watu walikuja kutoka mbali, wakapiga kambi, wakachota maji kwenye visima na kuyachemsha vyunguni hadi chumvi igande. Kwa nini kiangazi? Masika maji ya mvua na mito huingia kwenye chemchemi, chumvi inakuwa nyepesi, na ukitaka kuipata inabidi uchome kuni mara nyingi zaidi. Hiyo hesabu ya kuni na ukolezi wa maji ndiyo sisi tunaiita konsentresheni na tunapewa maksi kwayo. Halafu kuna kitu kingine. Maji ya chumvi ya ardhini kwa kawaida hayana chumvi moja tu. Ukichemsha, chumvi ya kula hutangulia kuganda, na zile chungu za magnesiamu hubaki kwenye maji ya mwisho. Mchemshaji anayejua wakati wa kuacha anapata chumvi safi. Asiyejua anapata kitu kichungu hakinunuliki. Hakuna aliyeandika sodiamu kloridi ukutani, lakini mkono ulijua.

Na siasa ilikuwepo vilevile kama Paris. Watawala wa Uvinza walichukua sehemu yao kwenye chumvi, na wasafiri waliopita nchi yao walilipa hongo. Stanley alipopita mwaka 1871 alilalamika sana kuhusu hongo za Uvinza. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu, haikuwa neno la aibu kama leo. Hilo neno limeshuka cheo baada ya wenyewe kunyang'anywa nchi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ikaweka kiwanda cha chumvi palepale, pakapewa jina la Gottorp. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, chumvi ikapanda treni. Aliyekuwa anakuja na chungu chake akawa kibarua, na ujuzi wa kiangazi ukageuka kuwa wa kampuni.

Mzigo wa pili ni jembe. Majembe ya chuma kutoka kwa wafua chuma wa Usumbwa na Uzinza yalishushwa kuuzwa Tabora, na jembe lilikuwa pia fedha: watu walilipia mahari kwa majembe. Sasa kuyeyusha chuma ni kemia nzito kuliko kuchemsha chumvi. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kukitoa unahitaji mkaa na upepo. Mkaa ukiungua kwa hewa inayosukumwa na mivukuto unatoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ndiyo inayomnyang'anya chuma oksijeni yake. Joto lazima lipite kama nyuzi 1,200 ili uchafu uyeyuke na kutiririka kama mavi ya chuma, huku chuma chenyewe kikibaki bonge laini bila kuyeyuka, maana chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Mkaa ukizidi unapata chuma kinachovunjika. Ukipungua unapata jiwe lilelile ulilotia. Miti ya miombo ya kwetu inatoa mkaa mzuri sana, na mfua chuma alijua mti gani wa kukata na upi wa kuacha.

Mnaweza kusema haya ni maneno ya kujifariji. Basi sikilizeni habari ya Buhaya. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti wa Kimarekani, Peter Schmidt na Donald Avery. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 kwenye jarida la Science: tanuri lile lilitoa chuma chenye kaboni, yaani aina ya chuma cha pua. Kuhusu namna mabomba ya udongo yalivyopasha hewa joto kabla ya kuingia motoni wataalamu wamebishana sana, na hiyo ndiyo sayansi, kubishana ni halali. Lakini kwamba wazee walijua wanachofanya, hapo hakuna ubishi.

Swali linalouma ni hili: kwa nini ilibidi wakumbuke? Kwa sababu walikuwa wameacha. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliingia kwa bei ya chini, misitu ikawekwa chini ya serikali ya kikoloni, vijana wakaenda kufanya kazi za kodi na mashamba ya walowezi. Hakuna aliyewashinda kwa hoja kwamba chuma chao kibovu. Soko ndilo lililowazimia tanuri. Na ujuzi wa mkono ukikosa kazi kwa vizazi viwili umekwisha, kwa sababu haukuandikwa.

Kabla sijaacha madini, kuna Msiri. Huyu alikuwa wa ukoo wa Kisumbwa, kutoka magharibi ya Unyamwezi, akahamia Katanga na kujenga dola ya Garenganze, makao yake Bunkeya. Kilichomvuta ni shaba. Mafundi wa kule waliyeyusha lile jiwe la kijani kwa mkaa, na shaba ikawa sehemu ya biashara iliyofika hadi kwetu. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji. Miaka kumi na mitano baadaye, 1906, ikaundwa kampuni ya Union Minière kuchimba shaba ileile. Shaba haikugunduliwa na kampuni. Kampuni ilionyeshwa mashimo.

Mzigo wa tatu ndio uliotumaliza: baruti. Baruti ni mchanganyiko wa vitu vitatu, karibu robo tatu shura, kama asilimia 15 mkaa, na kama asilimia 10 kiberiti, ile salfa ya njano. Shura ndiyo inayotoa oksijeni ili mkaa na salfa viungue kwa mara moja bila kungoja hewa. Neno shura lenyewe limekuja na biashara ya Bahari ya Hindi, na India ndiyo ilikuwa chanzo kikubwa cha shura ya Waingereza. Tabora mkaa tulikuwa nao wa kumwaga. Lakini baruti nyingi iliyotumika bara ilipanda kutoka pwani ikiwa kwenye mapipa, mabegani mwa wapagazi.

Mtemi Mirambo wa Urambo alilielewa hilo kuliko mtu yeyote. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, na Stanley akiwa pamoja nao, walikwenda kumpiga. Aliwavizia wakirudi na ngawira, akawatawanya, na siku chache baadaye akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Njia ya Ujiji ikafungwa, Stanley akalazimika kuzunguka kusini ndipo akamfikia Livingstone. Ugomvi wa Mirambo na Tabora ulikuwa juu ya nani anashika njia, na anayeshika njia anashika baruti. Ruga-ruga wake walikuwa hodari na mikuki ya chuma cha nyumbani ilikuwepo, lakini bunduki bila baruti ni rungu. Ndiyo maana hakuchoka kutafuta urafiki na balozi wa Kiingereza Zanzibar. Alifariki Desemba 1884.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yakakaa Brussels yakakubaliana kuzuia silaha na baruti kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na biashara ile ilistahili kukomeshwa. Ila matokeo yake mengine ni kwamba bomba lilifungwa upande mmoja tu. Wajerumani waliendelea kuleta yao. Januari 1893 walimzingira Mtemi Isike wa Unyanyembe ndani ya ngome yake hapo Tabora. Boma lilipovunjwa, Isike aliingia kwenye ghala la baruti akajilipua asishikwe akiwa hai. Watu wa Tabora habari hiyo tunakua nayo. Leo nawaomba muisome kwa jicho la kemia: mtawala aliyekuwa na ghala, lakini hakuwa na kiwanda. Alichokuwa nacho ni akiba, na akiba huisha.

Ngoja nirudi kwenye chumvi mara moja, maana kuna kisa ambacho wengi tunakijua nusu. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi. Akaenda kufia Chitambo, Zambia ya leo, karibu na tarehe 1 Mei 1873. Watu wake, Chuma na Susi na wenzao, wakaamua mwili urudi kwao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, akatoa viungo vya ndani, wakatia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili. Chumvi hunyonya maji kutoka kwenye nyama, na bila maji bakteria hawawezi kuozesha. Ni kanuni ileile ya ng'onda na dagaa wa Kigoma. Wakaufunga kwa nguo na gome la mti, nje wakapaka lami. Oktoba 1873 walifika Tabora wakamkuta Luteni Cameron, akawashauri wauzike hapohapo. Wakakataa. Februari 1874 mwili ulifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London. Ulisafiri miezi kadhaa kwenye joto la kwetu na bado ukatambulika kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba. Jamani, hiyo si prakitiko iliyofaulu?

Huyohuyo Livingstone aliteseka kwa sababu ya kemia nyingine. Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka, na ndani yake ilikuwamo kwinini. Kwinini ilitolewa kwenye gome la mti wa Amerika Kusini na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, alijaribu kuitengeneza kwa lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, akapata rangi ya zambarau. Hapo ndipo viwanda vya rangi za kemikali vilipoanzia, Wajerumani wakavichukua na kuvikuza, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani. Nili ndiyo iliyotia weusi kaniki, na kaniki na merikani ndizo zilikuwa fedha za njia yetu. Kwa hiyo jaribio la chumba kimoja London lilikuja kugusa hadi nguo ya bibi zetu na wakulima wa nili wa India waliokosa soko.

Mwisho wa hiyo njia ni vita. Kuanzia 1914 meli za Waingereza ziliziba pwani, na safari hii waliokatiwa mzigo ni Wajerumani wenyewe. Walifanyaje? Walikuwa na kituo cha utafiti Amani, Usambara, tangu 1902, na miti ya kwinini ilishapandwa, wakatengeneza dawa hapahapa. Sarafu zilipokwisha, mwaka 1916 wakagonga nyingine Tabora kwenye karakana ya reli: senti za shaba kutokana na maganda ya risasi, na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka Sekenke. Zilitoka zaidi ya 16,000. Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, kazi ikaishia hapo.

Sasa linganisheni. Isike na Mirambo walikatiwa mzigo wakabaki na akiba. Wajerumani walikatiwa mzigo wakapata karibu miaka miwili zaidi, kwa sababu ujuzi, malighafi na karakana vilikuwa sehemu moja na vilikuwa mikononi mwao. Si kwamba walikuwa na akili kuliko mchemshaji wa Uvinza. Tofauti ni kwamba ujuzi wao uliandikwa, ukafundishwa, ukawekewa taasisi, na ukalindwa na dola. Ujuzi wetu ulikuwa mkononi, na mkono ukafa na mwenyewe.

Hapo ndipo hii historia inapotuhusu sisi tuliopo chuo. Kemikali nyingi tunazotumia maabara zinakuja na meli. Meli ikichelewa, tunaandika prakitiko kwa kukisia. Siku zote tunalaumu bajeti, na ni haki, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kumuuliza bibi yake namna ya kupata magadi kwenye majivu? Hata lile neno alkali tunalolikariri ni la Kiarabu, linatokana na majivu. Bibi anachuja majivu kwa maji anapata potashi, sisi tunaagiza potashi kwenye kopo. Wanzuki ya Tabora inachacha kwa kemia ileile tunayochorea michoro.

Likizo ijayo ukifika nyumbani, kabla hujawasha simu, mtafute mzee mmoja. Mwulize walichemshaje chumvi, walichagua mti gani wa mkaa, walitia nini kwenye rangi ya mkeka. Andika vipimo, andika msimu, andika majina ya miti kwa lugha yake. Wazee wa Buhaya walifikiwa 1976, bado mikono inakumbuka. Wa Usumbwa na Uvinza wangapi walifikiwa na mtu mwenye daftari?

Mimi naishia hapo, kesho saa moja asubuhi kuna organiki na sijafungua hata ukurasa. Mungu awabariki, tuonane wiki ijayo.